Maji ya Buluu

Umeshageuza uso. Bado hata hatujaanza, na wewe unatafuta ukurasa mwingine, kwa sababu umenusa kuwa habari hii iko chini ya kitovu. Ukiambiwa saratani ya titi unatikisa kichwa kwa huruma. Ukiambiwa saratani ya uume unacheka, au unakohoa, au unakumbuka kuwa umeacha kitu jikoni. Basi kaa. Miaka yote hii umegeuza uso hivyo hivyo, na watu wamekufa nyuma ya kisogo chako. Leo utageuka.

Mtu mwenyewe alikuwa fundi bomba wa chuo, miaka kumi na tisa kazini, na wenzake walimwita Chemba. Walimpa jina hilo kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akishuka kwenye chemba za maji taka siku ambazo wengine wote walipatwa na mafua ya ghafla. Sifa yake kubwa ilikuwa kikopo cha rangi ya buluu. Bomba likivuja chini ya sakafu, mafundi wengine walikuwa wanavunja sakafu nzima. Yeye alimimina kijiko kimoja cha rangi chooni, akavuta maji, kisha akatoka nje kufunua chemba moja baada ya nyingine, akichuchumaa ukingoni na kusubiri. Ile ya kwanza kupata buluu ndiyo iliyomwonyesha njia.

"Ya nini kuchimba ua mzima," alikuwa akiwaambia, "na maji yenyewe yatakwambia yamepita wapi?"

Mtu mwenye akili hiyo ndiye aliyekaa na kidonda miezi minane.

Kilianza kama punje, kichwani mwa uume, hakiumi. Chemba akakitazama bafuni na papo hapo akajua sababu. Dawa ya kuzibulia mabomba! Dawa ile ilikuwa imeshamla kucha mbili, imemtoboa suruali tatu, imemwachia baka kwenye paja. Bila shaka alikwenda haja na mikono yenye dawa. Basi akabadilisha utaratibu: akaanza kunawa kabla ya kwenda haja badala ya baada, akajiona ameshajitibu. Majeraha ya dawa ile huchelewa kupona, alijiambia. Mwezi wa pili akajiambia hivyo hivyo. Mwezi wa tano kidonda kilikuwa na kingo ngumu na kilitoa damu, naye bado alikuwa akiilaumu chupa iliyokuwa juu ya kabati la stoo.

Nyumbani alianza kulala akitazama ukuta.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Alishonea chumba cha mbele, sare za shule na suruali za wazee, na hakuna kipimo kilichompita. Mume akikonda alijua kabla ya mume mwenyewe. Akasubiri mwezi, akasubiri miwili. Siku moja alimkuta uani ameinamia beseni, anafua chupi.

"Miaka ishirini na miwili," mke akasema, mikono kiunoni, "hujui hata sabuni inakaa wapi. Leo unafua chupi. Zina nini hizo ambacho mimi nisikione?"

Chemba aliikamua chupi kwa nguvu, kwa sababu kulikuwa na damu.

"Haya. Msalimie."

"Nani?"

"Huyo anayekufundisha usafi."

Siku hiyo mke akahamia kwenye kitanda cha binti yao aliyekuwa shule ya bweni. Na Chemba, badala ya kumwita, alihisi nafuu. Ndiyo, nafuu. Elewa jambo hili kabla ya kumhukumu. Mwanamume mwenye mwanamke wa nje watu wanamlaani, lakini wanamlaani kama mwanamume. Mwanamume anayeoza huko chini wanamfanya nini? Chemba hakujua, wala hakutaka kujua. Akauvaa ule uongo aliotungiwa na mkewe, nao ukamkaa sawasawa, kama kila kitu alichowahi kushonewa na mkono ule.

Tangu hapo, kila alipobeba mfuko wa spana asubuhi, sauti ilimfuata kutoka kwenye cherehani: "Msalimie mwenzangu!"

Hospitali ilimpata mwishoni mwa mwezi wa nane. Dirisha la magonjwa ya wanaume lilikuwa mwisho kabisa wa ujia, karibu na mlango wa kufulia mashuka, mahali ambapo mtu angeweza kusema amepotea njia. Kuta zote zilikuwa na mabango. Matiti, mlango wa kizazi, kifua kikuu, mbu, kunawa mikono. La uume hakuna. Walioyabandika nao ni wanaume, na huenda walipofika huko mwisho gundi iliwaishia.

Walimkata kipande kidogo cha nyama, wakakipima, wakamwambia ni saratani. Wakamlaza siku tano, wakakiondoa kidonda pamoja na nyama iliyokizunguka, wakamwachia kiungo kifupi kidogo kuliko alichokuja nacho. Chemba alimwambia mkewe anakwenda kutengeneza mabomba ya tawi la chuo, mbali. Mkewe akamfungia nguo vizuri kwenye begi. Juu ya nguo akaweka sabuni mpya.

"Msalimie," akasema, na safari hiyo hakupaza sauti.

Wiki tatu baadaye alirudi kwa daktari wa upasuaji, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa hesabu.

"Kidonda tumekitoa chote, kingo ni safi," daktari akasema. "Sasa nataka kujua kama kuna mbegu zake zilizotoroka. Zikitoroka, kituo cha kwanza ni hapa." Akambonyeza kinena, kulia, kushoto. "Kwenye tezi. Zile zinazovimba ukaziita mtoki."

"Lakini sina mtoki."

"Kwa vidole sina cha kushika. Ila vidole haviwezi kuona kitu kidogo kama chumvi." Akavua glavu. "Njia ziko tatu. Tusubiri, tuone kama zitavimba. Zikivimba, huenda tumechelewa. Au nitoe tezi zote za pande mbili kwa tahadhari. Miguu yote miwili inaweza kuvimba kwa maisha yako yote. Unafanya kazi gani?"

"Nachuchumaa," Chemba akasema. "Fundi bomba."

"Basi nisikilize vizuri. Njia ya tatu, nakuchoma dawa yenye mionzi kidogo kuzunguka kovu, kisha rangi ya buluu. Dawa inasafiri kwa njia ile ile ambayo saratani ingepita. Tezi ya kwanza kuipokea kila upande tunaiita tezi mlinzi. Naitoa hiyo, inapelekwa maabara. Ikiwa safi, zilizo nyuma yake nina sababu ya kuziacha."

Chemba aliinua kichwa. Kwa miezi minane alikuwa akizungumza na sakafu.

"Kumbe mnatafuta chemba ya kwanza."

"Chemba gani?"

Akamweleza. Kikopo, kijiko, kuchuchumaa ukingoni. Daktari alisikiliza mpaka mwisho, kalamu hewani.

"Ndivyo hivyo hivyo," akasema. "Na wewe rangi haijawahi kukudanganya?"

"Mara chache. Bomba likiziba, inapita pengine."

"Na mimi mara chache. Ndiyo maana hata ikiwa safi utarudi nikuangalie kila miezi mitatu. Alhamisi wiki ijayo. Kifaa cha kusikilizia mionzi ni cha upande wa wanawake, nimewaomba nafasi moja. Nikikukosa, sijui watanipa lini tena, na tezi hazitakusubiri wewe. Uje na mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu wako. Sitakuruhusu kutoka hapa peke yako ukiwa umechomwa sindano ya mgongo."

Upasuaji haukumtisha hata kidogo. Kilichomkosesha usingizi kilikuwa neno hilo, mtu wako.

Jumatatu alijaribu kwa Waya, fundi umeme, rafiki wa miaka kumi na tisa. Walikuwa stoo wanakunywa chai, na watu wengine wanne wamekaa juu ya ndoo za rangi.

"Waya, nina jambo."

"Kama ni kuazima drili, jibu ni hapana. Ya mwisho uliirudisha inalia kama mbuzi."

"Si drili. Alhamisi nataka unisindikize mahali. Nina tatizo huku chini."

"Chini ya wapi? Jengo la maktaba?"

"Chini kwangu mimi."

Waya aliweka kikombe. Chemba aliona uso wa rafiki yake ukifunguka, akadhani umefunguka kwa huruma.

"Aa-haa! Jamani njooni! Chemba umeme umekatika!"

Stoo ikapasuka. Mmoja akasema alete genereta. Mwingine akasema mzee apandishe swichi kuu. Waya mwenyewe, machozi yakimtoka, akamshika bega: "Ndugu yangu, usijali, kuna mtu ana mizizi yake, ukinywa kikombe kimoja unaweza kusimamisha nguzo ya barabarani."

Na Chemba akacheka. Alicheka kuliko wote. Akaongeza na ya kwake, kwamba nguzo iko sawa, ni nyaya zimeibiwa. Wakampigia makofi.

Subiri, kuna jambo ambalo stoo ile imelisahau, nasi hatulisahau. Miaka sita nyuma, juu ya ndoo hizo hizo, alikuwa akikaa mtunza stoo mmoja, mtu mpole, mwenye mwandiko mzuri. Akaanza kutembea miguu imeachana. Wakamwita Bata. Waliigiza mwendo wake mpaka kwenye sherehe ya mwisho wa mwaka, na aliyeigiza vizuri kuliko wote alikuwa Chemba. Mtoki wake ulivimba mpaka ukapasuka, na alizikwa kwa maneno haya: marehemu alisumbuliwa kwa muda mrefu. Alisumbuliwa na nini? Hakuna aliyesema, hakuna aliyeuliza. Ugonjwa ulifukiwa pamoja na mtu, na waliobaki wakarudi kazini bila kujua kilichomuua kinaitwaje. Nyinyi mlikuwepo. Mlishika koleo.

Chemba alilikumbuka hilo jioni, akifunga stoo. Akasimama mlangoni na ufunguo mkononi kwa muda mrefu, kisha akautembea ule mwendo wa Bata, hatua tatu, peke yake, bila kucheka.

Alhamisi alikwenda bila mtu.

Benchi la upande wa wanawake lilikuwa limejaa. Kila mgonjwa alikuwa na dada, shangazi, binti, chupa ya chai. Walikuwa wanabishana, wanasukana nywele, wanapimana wigi. Kwenye benchi la pili alikuwa Chemba na kofia yake. Mama mmoja mnene, kitambulisho cha mgonjwa mkononi, alimtazama mpaka akachoka kumtazama.

"Kaka, mbona umekaa kama mtu aliyekosa basi? Umemleta nani?"

"Nimejileta."

"Unafanyiwa nini?"

"Hiyo hiyo. Ya rangi."

"Ya tezi? Kumbe na wanaume wanapata titi?"

"Wanapata," Chemba akasema. Angeweza kuishia hapo. Kinywa chake kikaendelea chenyewe. "Lakini mimi si titi."

Mama yule alimtazama usoni, akashuka kidogo, akarudi usoni. Hakucheka. Alisogea kwenye benchi la Chemba na chupa yake ya chai.

"Basi tuko pamoja, maana hata mimi titi langu limezoea kufichwa," akasema.

Nesi alikuja na faili. "Mtu wako yuko wapi?"

Kabla Chemba hajatunga uongo, mama akajibu. "Andika mimi. Kaka yangu huyu."

"Wewe mwenyewe unaingia kwenye upasuaji, mama."

"Basi andika mdogo wangu huyu hapa. Kaka yangu mimi si kaka yake?"

Mdogo wake, mwanamke mwembamba ambaye hakuwa amemwona Chemba maishani mwake, akatia sahihi.

Mezani, sehemu ya chini ya mwili ikiwa imekufa ganzi, Chemba alitazama taa na kusikiliza. Kifaa kilikuwa kinalia taratibu, tii, tii, kama bomba linalodondosha. Kisha kikaharakisha mpaka milio ikashikana.

"Hii hapa," daktari akasema nyuma ya pazia. "Tazama, buluu kabisa."

"Ya kwanza?" Chemba akauliza.

"Ya kwanza. Nyamaza, fundi, na mimi niko kazini."

Jioni yule mdogo mtu alimfikisha kwa teksi mpaka kona ya barabara. Alitaka kumshusha mlangoni, Chemba akakataa. Mkewe angeona mwanamke. Aliwaza hilo, akaona linachekesha, na hakukuwa na mtu wa kucheka naye.

Alipokwenda haja, maji ya choo yaligeuka buluu. Buluu ya kikopo chake hasa. Nesi alikuwa amemwonya: siku moja, labda na nusu, kisha inaisha. Alitoka akiwa bado anaitazama, akasahau kuvuta maji. Mkewe akaingia baada yake.

Chemba alisimama ujiani, mkono ukutani. Moyo ulikuwa unampiga mpaka kwenye mishono. Sasa, aliwaza. Sasa ataniuliza, nami nitasema.

Mlango ukafunguka.

"Umeanza kuleta kazi mpaka nyumbani?" mke akasema. "Choo chetu nacho kinavuja?"

Swali lilikuwa na njia mbili za kujibiwa. Chemba alizijua zote.

"Ndiyo," akasema. "Nilikuwa napima."

"Ukimaliza upige deki." Akarudi kwenye cherehani.

Alilala chali, kwa sababu hakuweza kulala ubavu. Upande wa pili wa ukuta alisikia kitanda cha binti kikilalamika kila mkewe alipojigeuza. Mke alijigeuza mara nyingi. Kati yao kulikuwa na tofali moja. Watu wawili macho wazi, kila mmoja akijua mwenzake hajalala, na hakuna aliyegonga.

Alfajiri alikwenda chooni tena. Buluu ilikuwa imefifia, imekuwa kijani cha majani machanga. Alielewa mara moja, kama fundi. Rangi inapita, na ikishapita huwezi tena kumwonyesha mtu maji yalikopita. Kesho yatakuwa maji tu, naye atakuwa mhuni tu, mpaka siku ile watakaposema alisumbuliwa kwa muda mrefu.

"Mama watoto!"

"Nini asubuhi yote hii?"

"Njoo huku chooni."

Alikuja na futi yake ya kushonea shingoni, amekunja uso. Chemba alisogea pembeni.

"Tazama."

"Nimeona. Si rangi yako?"

"Hiyo haikutoka kwenye kikopo. Imetoka kwangu."

Mke aliangalia maji, akamwangalia yeye. Chemba alifungua kanga aliyojifunga kiunoni, akamwonyesha. Bandeji mbili kwenye kinena, na kati yake kilichobaki, na madoa ya buluu kwenye ngozi. Hakusema neno saratani mpaka alipomaliza kuonyesha. Kisha akalisema.

Mke aliivua futi shingoni, akaizungusha mkononi.

"Hakuna mwanamke," mke akasema.

"Hakuna."

"Hajawahi kuwepo."

"Hajawahi."

"Miezi yote hii namtukana mtu asiyekuwepo." Sauti yake ilianza kupanda. "Nimemlaani! Nimempangia hata sura! Na wewe unanisikia, unabeba spana zako unaondoka! Uliona bora niwe mke wa mhuni peke yangu kwenye kitanda cha mtoto, kuliko niwe mke wa mgonjwa?"

"Niliona aibu."

"Aibu yako ndiyo uliyolala nayo. Mimi je?"

Hakumkumbatia. Usitegemee hilo. Alitoka, na kwa saa nzima cherehani ililia kwa kasi, ikishona kitu ambacho hakikuwa na mteja. Chemba alikaa kwenye ukingo wa kitanda chake, peke yake kuliko alivyokuwa jana. Hata hivyo, baadaye mke alifungua mlango, akasimama pale pale, hakuingia.

"Majibu lini?"

"Wiki mbili. Alhamisi."

"Nitafunga kazi mapema."

Majibu yalikuwa haya. Kushoto tezi zilikuwa safi, hazitaguswa. Kulia, kwenye ile ya kwanza kabisa, kulikuwa na chembe ya saratani isiyozidi milimita moja.

"Tungesubiri mpaka niipate kwa vidole," daktari akasema, "leo ningekuwa natafuta maneno. Sasa natafuta tarehe tu. Natoa tezi za kulia peke yake."

"Mguu utavimba?" mke akauliza.

"Wa kulia, huenda. Tutamfundisha kuufunga na kuvaa soksi ya kubana."

Mke aliutazama mguu wa mumewe kama anavyotazama kitambaa kabla ya kukikata.

"Nitampanulia suruali upande mmoja," akasema, akavuta fomu, akatia sahihi kwenye mstari wa mtu wake.

Walitoka wakakaa kwenye benchi la mwisho wa ujia wakisubiri kupewa tarehe. Wawili tu, na nafasi ya mtu mmoja katikati yao. Karibu na mlango wa kufulia alisimama mwanamume mwenye bahasha ya hospitali ndani ya gazeti, akisoma tangazo la mashuka kwa makini, mara ya nne sasa. Chemba alimtambua, ingawa hakumjua. Akasogea upande wa mkewe mpaka mabega yakagusana, mke hakujitoa. Akapapasa nafasi iliyobaki.

"Ndugu, kaa. Pana nafasi."

Mtu yule akamtazama, akatazama maandishi ya juu ya dirisha, akageuza uso. Alitoka haraka haraka, na bahasha yake.

Mtu yule ni wewe. Kwa hiyo simama. Nenda mahali penye mwanga sasa hivi, vua, jitazame chote, vuta ngozi uangalie na nyuma yake. Kama kuna kidonda, uvimbe au doa ambalo limekaa wiki tatu, usilitafutie jina wala chupa ya kulaumu. Kesho asubuhi uwe mbele ya dirisha lile. Na wewe uliyelala upande wa pili wa ukuta, gonga leo, uliza mpaka ujibiwe. Kisha mkatafute daktari anayejua kutafuta tezi ya kwanza, na kama hospitali yenu haina kifaa, mkapige kelele mlangoni kwa mkurugenzi mpaka kipatikane. Weka kitabu chini. Nenda.